Springi Haiuzwi Moja

Sikudhani wa Gerezani alinijibu kwa uso mkavu:
springi haiuzwi moja, fundi. Ni kama viatu.
Lakini mimi nilikuwa nimeziona mbili nyuma ya kaunta,
hazijuani:
moja ya Karina, nene, na kutu
iliyoanza kwenye barabara za theluji huko Japani,
nyingine ya Starlet, nyembamba, imepakwa rangi jana usiku
ionekane binti.

Wenzao wamekatika, nikamwambia.
Nipe wajane hao wawili nikawaoze.
Alicheka mpaka bati la nati likamwagika,
akapokea elfu hamsini,
risiti ya ndoa hiyo akakataa kuandika.

Uani kwangu Kigogo hakuna mashine ya kupimia.
Kuna ubao wa mninga,
rula ya mwanangu wa darasa la tano,
na mifuko ya saruji ya jirani anayejenga choo,
kilo hamsini kila mmoja,
kama kiwanda hakidanganyi.

Mfuko wa kwanza. Starlet imeshuka sentimita mbili na nusu.
Karina moja na nusu, tena kwa kununa.
Mfuko wa pili: tano. Tatu.
Mfuko wa tatu Ombeni aliushikilia kwa mikono yote miwili,
kama mtu anayemsaidia mgonjwa kuketi,
nami nikainama na rula, shavu karibu na saruji:
saba na nusu. Nne na nusu.
Hakuna iliyodanganya. Kila moja ina tabia yake
na inairudia.

Marehemu mama alikuwa fundi saa, Mtaa wa Mkunguni.
Yeye aliita kamani.
Saa nzima ina kamani moja, alikuwa akisema,
na haijawahi kulia upweke.

Ombeni, ambaye ndiye dereva na ndiye atakayevunjika,
aliuliza: gari gani hili, fundi,
mguu mmoja wa babu, mwingine wa mjukuu?

Nikamchorea kwenye vumbi.
Kule Kunduchi, ndani ya shimo walikomaliza kokoto,
uwanja wetu una umbo la yai.
Mizunguko ishirini, kona zote za kushoto.
Hakuna anayekwenda kulia ila aliyepinduka.
Na gari likikata kushoto, uzito wote hukimbilia kulia
kama wageni wa harusi waliosikia sahani zikigongana.
Huko mlangoni nataka asimame mwenye kifua.
Jumapili iliyopita tulifunga mapacha laini,
tukalala kwenye kila kona,
tairi la kushoto likinyonya hewa.

Basi Karina kulia. Starlet kushoto.

Sekunde thelathini na moja na nusu kwa mzunguko.
Wiki iliyotangulia: thelathini na tatu.
Ombeni alitoka meno meupe, uso wote vumbi,
akasema, imeuma ardhi, fundi, imeuma!
Tulimaliza wa nne.
Ya kabureta ni shairi jingine, tena baya.

Wakati wa kurudi, Barabara ya Bagamoyo ilikuwa imenyooka
na haikuutaka ujuzi wetu.
Gari lilitembea limeinamisha bega moja
kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani.
Trafiki wa Lugalo akatusimamisha, akalizunguka mara mbili:
hili limevunjika?
Hapana afande, alisema Ombeni,
limezoea kona.

Jumatatu nilizitoa, nikazisimamisha ubaoni bila mzigo.
Karina ilikuwa vilevile, nunda.
Starlet haikurudi yote;
nusu sentimita imeiacha shimoni Kunduchi.
Nimeiandika kwa penseli, pembeni ya safu,
nikazungushia duara.
Nilikuwa bado natafuta kifutio
jirani alipobisha hodi, ndoo mkononi,
akidai saruji yake.