Siku Hizi Anaitwa Bwana Harusi

Nilishuka Miritini na mfuko wa karoti
nimeukumbatia kama mtoto wa watu.
Shati lilininata mgongoni kabla sijauliza njia.
Sikuja kuona ngome, nilimwambia wa bodaboda,
wala zile pembe za barabarani.
Nimekuja kumwona farasi.
Akacheka hadi helmeti ikamwinamia:
"Mzee, mji huu una punda wenye majina ya ukoo,
una paka wanaojua saa ya samaki kufika.
Farasi? Labda yule wa picha, kule Nyali."

Ndiye huyo.

Lakini kwanza nilipita Mji wa Kale,
hatamu niliyoibeba ilikuwa imekatika mshono.
Nilimkuta Fundi Badi Shekuwe barazani kwake,
sindano mdomoni, miguu ameikunja.
Akaigeuza ile ngozi, akainusa, akasema,
"Hii imekula jasho la mnyama mwenye mbio."
Akaniambia babu yake alishona matandiko ya liwali.
Sikumwamini. Sikumkatalia.
Punda akapita na madumu ya maji,
kwato zikilia tak, tak juu ya mawe,
nasi tukanyamaza wote wawili hadi akakata kona.
Hakutaka pesa. Nikamwachia karoti tatu,
akaziweka juu ya daftari la madeni.

Kimulimuli nilimpokea mimi, Molo, alfajiri ya umande,
ametoka na miguu mirefu imejikunja
kama meza ya muuza magazeti.
Mimi Kisilu, saisi, mtu wa brashi na ndoo.
Miaka tisa nilijua kinyesi chake
kuliko nilivyojua afya ya wanangu.
Alishinda mara nne. Katika picha zote nne
mimi ni ule mkono unaoshika kamba
pembeni, kabla fremu haijaukata.

Nyali, maji yamekupwa.
Yule pale: singa zimepakwa hina,
maua ya plastiki kwenye paji,
ubao shingoni: PICHA MIA, KUZUNGUKA MIA MBILI.
Kijana anayemwendesha anaitwa Mwachiti.
"Huyu ni Bwana Harusi," akanijulisha.
"Jumamosi hubeba maharusi, siku nyingine watoto.
Mpole. Hajawahi kukimbia huyu."
Nikameza mate.
Nikamwita kwa jina la kale, kisha kwa ule mluzi wetu.
Alikula karoti yangu
kama anavyokula ya mtu yeyote,
akanifuta mate begani, akatazama bahari.
Wanasema shukrani ya punda ni mateke.
Ya farasi siijui; sikuwahi kuidai,
ila pale, nakiri, nilisimama kama mdai.

Mtoto wa gauni la njano alikuwa juu yake
muuza soda alipofungua kibanda:
mlango wa bati ukafyatuka, PWAA,
sauti ileile ya milango ya kuanzia mbio.
Masikio yakasimama. Shingo ikajikaza.
Ngozi ya bega ikatetemeka,
mguu wa nyuma ukatafuta nyasi,
nami, na goti langu bovu,
nilikwisha kuinama mbele,
ngumi mbili zimeshika hewa.

Hakuna aliyekwenda.
Mtoto aliendelea kulamba barafu yake.
Mwachiti akavuta kamba: "Haya, Bwana Harusi."

Hatamu ya Fundi Badi haikumwenea tena, amenenepa.
Nikatoa mia mbili.
"Unapanda, mzee?"
Hapana. Nataka kumshika kamba tu, duara moja.
Tukaenda, mimi ubavuni kushoto, mahali pangu,
hadi kwenye miamba na kurudi,
naye akipunguza mwendo
kila goti langu lilipolia.