Jino la Paa

Kliniki ya Ruwi, Jumanne, namba sitini na tatu.
Wameniita kwa ajili ya ulimi wangu:
daktari Mmalabari, mama mtu wa Pangani,
Kiarabu chake kinatosha sokoni,
hakifiki kwenye maumivu.
Mtoto, Riziki, miaka minane,
kafumba mdomo kama chaza.

"Achama, mwanangu."
Akaachama.
Gego la chini, la kulia,
shimo lake linameza punje ya mtama.

Mama akaanza kujieleza kabla hajaulizwa.
Chumba kimoja, familia mbili, pazia katikati;
wa nyuma ya pazia hufanya kazi usiku, hulala mchana.
Mtoto akilia, chupa.
Ndani ya chupa chai ya karaki,
maziwa ya kopo, sukari vijiko vitatu.
"Nilikuwa nanunua kimya, dada," akasema,
"sikujua nanunua kwa mkopo."

Wiki iliyopita nilihesabu meno ya darasa lao.
Fomu ina safu tatu:
yaliyooza, yaliyong'olewa, yaliyozibwa.
Almuatasim, anayekaa naye dawati moja: manne.
Riziki: manne.
Sukari haikuuliza pasi ya mtu.
Ila ya Almuatasim yote yapo safu ya tatu,
yanametameta akicheka,
na ya Riziki yamesongamana safu ya kwanza
yakisubiri kuhamia ya pili.

"Dawa ya jino ni kung'oa," mama akasema,
kama anayeomba radhi kwa niaba ya methali.
Bibi yangu naye aliisema, tangu Unguja.
Kumbe ina bei:
kung'oa, riali kumi;
kulitibu likabaki, tisini na tano.
Mimi nina vizibo vitano. Sijawahi kuona risiti.
Kadi yangu ina jina la kabila,
na kabila lina bonde lake huko Ibra
ambako sijalala hata usiku mmoja.

Sindano. Koleo. Pamba.
Riziki hakulia; aliliomba jino lake.
Nikamfungia kwenye karatasi.

Pangani, aliniambia kwa nusu mdomo,
jino hutupwa juu ya paa.
Lakini Almuatasim kamfundisha la hapa,
kwa Kiswahili cha nyumbani kwao:
unalirusha juani, unaliambia jua
chukua jino la punda, unipe la paa.
"Paa gani?" akaniuliza.
"La nyumba, au yule mwenye pembe?"

Nilicheka, na kicheko kikanipitisha
pale nilipopaswa kumwambia
kwamba gego hili si la utoto,
kwamba jua halina jingine.

Dirishani nikamwona ng'ambo ya maegesho,
mkono mmoja shavuni,
anarudi kinyumenyume apate nafasi ya kurusha,
mama anamvuta, basi linakuja,
naye bado analitafuta jua
kati ya benki na duka la simu.