Chanzo cha Pili

Kifurushi kimeniishia katikati ya kufunga kifurushi.
Nilicheka peke yangu, saa nane usiku, chumbani Kirumba,
jenereta la kiwanda cha samaki likikoroma.

Chanzo cha kwanza kilikuwa kimeshuka salama:
programu nzima ya mizani,
ya kupimia dagaa kule mwaloni,
imebanwa, imekazwa fundo.
Lakini orodha yangu ina mstari wa pili,
mfupi, hata nusu ya kioo haufiki:
leta na hili.
Faili la maneno. Kilobaiti kumi na mbili.
Bila hilo mizani itapima,
ila itamsemesha Kiingereza
mama anayeuza kwa ndoo.

Nikanunua bando la mia tano.
Nikaomba. Seva ikajibu: halipo.
Nikaomba tena kwa njia ya uani:
halipo.
Anwani ile ile, nyumba imehamwa.

Aliyeyakusanya maneno yale ni Ng'washi,
tuliyekaa naye dawati moja chuoni Malimbe.
Sasa anafundisha hesabu Nansio.
Seva aliyoilipia kwa mshahara wake
aliiacha ife mwaka aliojifungua pacha.
Nikampigia alfajiri. Hakuuliza la nini.
"Ninalo. Ila mtandao huku
tunauvizia juu ya jiwe."

Basi faili likaja kwa meli,
saa tatu na ushei majini,
flashi ndani ya bahasha ya kaki,
bahasha ndani ya gunia la machungwa.
Kuli akauliza kama kuna hela humo.
Hapana, nikasema, maneno.
Akanitazama kama mtu aliyepunjwa.

Nikachomeka. Nikakokotoa alama yake:
herufi na tarakimu sitini na nne,
nikazilinganisha na zile nilizozihifadhi mwaka juzi,
kidole kwenye kioo, moja baada ya moja,
ingawa mashine ingemaliza kabla sijapepesa.
Kwenye ya sitini na tatu nikasimama,
nikamenya chungwa.

Zimelingana.

Ndani, sato, sangara, kamongo, gogogo,
na chini kabisa, mahali mashine hairuki kusoma
wala haielewi,
Ng'washi ameandika:
*Furu. Msimfute, hata akiacha kupimwa.*

Sikumfuta.
Nilifunga, nikaandika jina la nilichokifunga,
nikalisoma polepole, silabi kwa silabi,
ki, furu, shi,
nikamwona amelala humo
tangu mwanzo.