Jana Iliyorudi

Saa tisa na dakika kumi na mbili usiku. Brandon, Manitoba.
Skrini zote kumi na moja ni kijani,
kijani cha mchicha ulionyeshewa.
Mashine tuliyoifundisha kwa majira matano ya baridi,
mita elfu ishirini na mbili, kila robo saa,
inasema: shwari.
Nikamimina kahawa.

Doreen Kowalchuk anavua buti mlangoni,
barafu kwenye kope, anautukana upepo kwa Kiukreni.
"Digrii kumi na tatu zimeshuka tangu saa sita.
Gari langu limekataa kuwaka."
Kisha anasimama, soksi moja imelowa,
anautazama mstari wa umeme wa mtaa wa mashariki:
umelala kama mtoto aliyeshiba.

"Mbona hawa hawasikii baridi?"

Nikafungua kumbukumbu za jana.
Nikailaza jana juu ya leo
kama fundi cherehani na kiolezo chake.
Zikalingana uzi kwa uzi.
Hata friji mbovu ya kanisa,
iliyoshtuka jana saa nane na nusu,
imeshtuka tena leo, saa nane na nusu.

Kimya kingi kina mshindo mkuu.
Mtu, sijui yuko wapi, sijui kwa nenosiri la nani,
alirekodi jana yetu
akawa anatulisha kijiko kwa kijiko.

Siilaumu mashine.
Tuliifunza jana, ikaletewa jana,
ikaitambua, ikafurahi.
Nani humtilia shaka mgeni
anayebisha hodi kwa sauti ya nyumbani?

Doreen hakungoja falsafa.
Akanyanyua simu ya waya, ile ya kizamani,
akamwamsha Laframboise kule kituo kidogo:
"Kasome geji ya transfoma. Kwa macho yako, Gilles."
Tukasikiliza pumzi zake,
theluji ikilia chini ya buti,
kufuli likigoma, tusi, kufuli likikubali.
"Mia na nne," akasema. "Mafuta yanachemka."

Tukaukata mtandao. Tukahamisha mzigo kwa mikono,
swichi baada ya swichi, mpaka vidole vikafa ganzi.

Kulipokucha watu wa mashariki walikaanga mayai,
wakalalamikia bili.
Mimi nilibaki na mashine,
naanza somo ambalo halikuwamo kwenye mtaala:
kuchungulia dirishani,
kuiogopa siku inayofanana mno na nyingine.
Inajifunza polepole. Imekosea mara tatu.
Soksi ya Doreen bado inakauka juu ya seva.