Naanza na Sikio

Watu wakija kuchorwa huja na macho yaliyokwisha kujiandaa.
Mdomo umefundishwa njiani ukae vipi.
Sikio hakuna anayelikumbuka.
Wengine hawataki ndewe wala sikio;
mimi navitaka vyote viwili, na hapo ndipo naanzia.

Sikufundishwa hayo chuoni. Ni Majengo, nyuma ya mashine ya kusaga,
kwa fundi Nyemo, mchora mabango ya vinyozi:
vichwa kumi na viwili, sura moja,
nywele tu ndizo zinazobadilika.
"Usiwape macho ya kuona," alinionya, "mteja ataogopa kuingia."
Miaka saba nikachora vipofu wenye nywele nzuri,
unga wa mtama ukitua juu ya rangi mbichi
hata kila kijana ubaoni akaota mvi.

Kisha ofisi zikahamia huku,
na wakubwa wakahamia na kuta tupu.
Mmoja akaniita kwake Kilimani.
Alikaa kitini kama mtu anayengoja sindano.
Akasema, kovu hili la shavuni toa. Nikatoa.
Akasema, punguza weusi kidogo. Nikapunguza,
nikajiona nachovya brashi kwenye maziwa.
Alilipa yote, bila kuomba nipunguze hata shilingi.
Siku ya kuitundika, binti yake mdogo,
andazi mkononi, akasimama chini ya picha
akaniuliza mimi, mgeni:
"Huyu ni nani?"

Fedha ile ilinunua mabati, mlango wenye kitasa,
na kitambaa cha kwanza ambacho hakikuwahi kuwa gunia.
Sitasema nililia. Nililala mapema.

Mwaja alikuja Jumamosi moja ya kiangazi,
upepo ukifuta nyayo kabla hujainua mguu.
Ametoka Hombolo na kapu la zabibu,
anamtaka mumewe.
Picha? Hana.
Kitambulisho? Kilizikwa mfukoni mwa koti, watu walikuwa na haraka.
"Nina maneno," alisema. "Andika."
Nikamwambia siandiki, nachora.
"Ni yaleyale. Shika hiyo kalamu."

Jumamosi ya kwanza tulitafuta sikio.
La kushoto, ndewe iliyotobolewa utotoni ikaachwa ining'inie,
tundu alimokuwa akihifadhi nusu ya sigara
kwa ajili ya kesho.
Ya pili, shingo. "Inamishe. Zaidi.
Kama mtu aliyeitwa kutoka zizini
naye hajaamua kuitika."
Ya tatu nilikosea pua mara nne.
"Huyo shemeji yangu." Nikafuta.
"Huyo wewe." Nikafuta.

Rangi nayo ikagoma.
Hudhurungi ya kopo ilimfanya aonekane kabati.
Mwaja akafungua pindo la khanga:
udongo wa shamba la mizabibu, aliolima marehemu.
Nikauchekecha kwa soksi kuukuu,
nikaukanda kwa mafuta ya alizeti, ya dukani yalikuwa yameisha.
Wiki tatu haukukauka.
Tulingoja kama watu waliopanda.

Macho niliyachora mwisho, peke yangu, usiku.
Nyemo, popote ulipo, nisamehe:
niliyapa ya kuona.

Alipokuja hakusema kitu.
Alitazama kwa muda mrefu, kisha akaigeuza picha, uso ukutani.
Roho ikaniruka. Nimekosea tena?
"Asinione nikihesabu hela," alisema.
"Hajui kama niliuza mbuzi."

Nilipunguza elfu tano.
Akaniongezea kichala, na punje moja akaila yeye, ya kuthibitisha.
Kisha akamfunga kwa khanga, sikio likabaki nje,
akamwambia yeye, si mimi:
"Twende. Basi la Hombolo halingoji mtu."