Nyumba Yenye Mlango

*Nyumba yangu haina mlango.*
Watoto wa Ngomeni wanajibu kabla sijamaliza: yai.
Sawa. Yai.
Mia tatu na kitu, meupe, madogo kuliko mtama,
yamegandana kwenye kipande cha gazeti
kama uji uliodondoka ukakauka.

Bwana shamba Kihiyo alituonyesha kwao
kwenye ramani ya shule: Assam,
na mto unaoufanya Pangani uonekane mfereji.
Kidole chake kikapanda Uchina, kikapita Korea,
kikakomea Japani. "Ndugu zao wako kote huku."
Kisha kikarudi, kikavuka maji yote, kikatua Tanga.
Ngomeni haikuwemo.
Mama akaiweka kwa kalamu ya risasi, nukta nene.

Mama, Mwantumu Shekue,
miaka thelathini na moja kwenye korona ya mkonge.
Anajua uzi unavyopatikana: unaponda, unakamua,
kinachobaki kinaitwa uzi.
Mkono wake wa kushoto una vidole vitatu na nusu.
Kimoja na nusu alilipwa. Hasemi shilingi ngapi.

Siku ya kumi mayai yakaingia weusi, yakapasuka.
Mibarika haikupandwa na mtu,
imejiotea nyuma ya reli na kwenye jalala;
tunachuma majani machanga kwanza, makomavu baadaye.
Meza imesimamishwa kwenye makopo ya maji,
siafu wasipande.
Kuna siku wanagoma kula, vichwa juu,
kama wanaosikiliza hotuba.
Kesho yake wamejivua gamba.
Mara nne, bila mkutano wa hadhara.

Sekiete wa ng'ambo alisikia tunafuga nondo,
akaja na futikamba. Anajenga choo,
anataka za milimita kumi na mbili.
Tulimwonyesha viwavi, weupe, wanene kama kidole gumba,
wamejipaka unga kama wanawali.
Akaondoka bila kuaga.

Usiku, taa imezimwa, wanatafuna.
Mama anaketi kitandani.
"Sikia," anasema, "zamu ya usiku imeingia."

Halafu, ghafla, hawataki jani.
Wanatangatanga, wanajinyea mpaka wanaangaza,
kila mmoja anatafuta mkunjo kwenye majani makavu ya mgomba,
na kichwa kinachora nane, nane, nane,
mate yanageuka uzi, uzi unageuka ukuta,
mpaka humwoni.

Hapa Kihiyo alieleza jambo.
Yule wa mforsadi huchemshwa angali ndani,
ili uzi usikatike.
Huyu wetu huacha tundu upande mmoja.
Anatoka mwenyewe, kwa miguu yake.
Sisi tunachukua nyumba mpangaji akishahama.

"Ina maana hakatwi mtu?"
"Hakatwi."
Mama akauingiza mkono wa kushoto ndani ya kanga.
Alikaa kimya mpaka treni ya mizigo ikapita.

Walitoka alfajiri, wamelowa,
mabawa yamekunjamana kama nguo za robota.
Yakanyooka taratibu: rangi ya kahawa,
mwezi mwandamo mmoja kwenye kila bawa.
Nilileta sukari kwenye kisahani.
Kihiyo akacheka. Hana kinywa, alisema.
Alikula yote aliyojaaliwa enzi za kutambaa.

Saumu isiyo na futari.
Siku sita, saba. Jike ananing'inia palepale alipotokea
na kutoa harufu ambayo pua yangu haikuumbiwa;
dume ananusa kwa pembe zenye manyoya,
anakuja akigonga ukuta, anagonga taa, anafika.

Mama anasokota.
Uzi wa kwanza ulitoka mbovu,
mnene hapa, mwembamba pale.
Wa pili pia. Wa tatu nisiseme,
akisoma atadhani namsifu.

Na jike mmoja, wa mwisho,
alitaga kwenye daftari langu la hesabu,
juu ya mstari nilipoandika bei ya kilo.
Nyumba zisizo na mlango, mia mbili na zaidi.
Tangu juzi sijafungua ukurasa mwingine.