Masahihisho kwa Penseli

Ukurasa wa tisa, Nolberto, tayari umekosea.
Koti langu halikuwa jekundu.
Lilikuwa la kijivu, la marehemu shangazi Herminda,
vifungo vitatu na pini moja ya nepi.
Nimeandika pembeni: kijivu.

Nakisoma kitabu chako zamu ya usiku,
chumba cha kufulia, hospitalini, Punta Arenas.
Mashine nane zinazungusha mashuka ya watu nisiowajua
na nje upepo unauzaba mji makofi,
hata manispaa imefunga kamba barabarani
wapita njia washike, wasipeperushwe.

Ukurasa wa ishirini na mbili: baba.
Umemfanya mrefu.
Alikuwa mfupi, kaka, mama alimzidi kwa kisogo kizima,
na kisu cha kuchunia kondoo alikinoa kila Jumapili
akipiga mluzi. Mluzi umeukumbuka.
Huo sikuugusa.

Watu wananisimamisha: ndiwe dada wa mwandishi?
Wanasema kimewaliza.
Bi Otilia wa duka la dawa amenunua nakala mbili,
ya pili ya mwanawe,
ambaye, kama wewe zamani, hakuishika chupa shingo;
chupa ndiyo iliyomshika yeye.
Mimi nilikuwa sijakifungua.
Miezi minne kilikaa juu ya friji
chini ya bili ya gesi.
Niliogopa kujikuta humo.
Kisha nikaogopa kutojikuta.

Ukurasa wa sitini unaniita "dada yangu, mtu mkali."
Mkali!
Nani alikuzoa mtaroni nyuma ya soko, mwezi wa Julai,
theluji kwenye nyusi?
Nani alikuvua viatu vilivyoganda,
nani alimwambia bosi wako una homa, una tumbo, una jino,
mpaka maradhi yakaniishia kinywani?
Nimeandika pembeni: mkali, ndiyo.
Nikafuta.
Nikaandika tena.

Halafu ukurasa wa mia na tatu.
Mashine ya tano ilikuwa inakamua, sakafu inatetemeka,
nikadhani ni hiyo inayotikisa herufi.

*Fedha za dada yangu za chuo cha ukunga
zilikuwa ndani ya soksi, ndani ya kopo la unga.
Nilizichukua kwa siku tatu.
Unga ulinibaki kwenye kucha.
Aliposhukiwa mama, nilinyamaza.*

Hivyo tu.
Hukusema ulikuwa kijana.
Hukusema baridi, hukusema baba.

Miaka ishirini na sita nilimnunia mama.
Alinipikia, nikala nimempa mgongo.
Hata siku ya kumwosha kwa mara ya mwisho
mikono yake niliiosha harakaharaka,
ile mikono niliyodhani imeniibia.
Naye alijua, Nolberto?
Alijua ni wewe, akaubeba mzigo wako
kama alivyobeba ndoo, bila kuutaja?
Hilo kitabu hakisemi. Nimerudi nyuma mara tatu kulitafuta.

Leo unaoka mikate huko Valdivia,
miaka kumi na mmoja hujaonja tone,
kila alfajiri unga kwenye kucha.
Sijui kazi hiyo uliichagua
au ilikuja kukudai.

Pambizo la mia na tatu nimeliacha tupu.
Penseli niliichonga, nikaishika juu ya karatasi
mpaka mashine zote nane zikanyamaza.
Ukoko wa risasi umedondosha nukta moja.
Si yangu. Ni ya mkono kuchoka.

Asubuhi nimetoka, mkono mmoja kwenye kamba,
mwingine umekibana kitabu kifuani ndani ya koti,
na upepo unakivuta kama mtoto anayetaka kunyonya.
Mia na nne sijafika.
Sijui nitafika lini.

Bi Otilia alikuwa anafungua duka.
Kinafaa? akauliza. Mwanangu hajakigusa.
Nikasema, kinafaa. Mwachie juu ya friji.
Ila mwambie, akifika ukurasa wa tisa,
lile koti
lilikuwa la kijivu.